Programu Iliyochoshwa na Maji Matupu

Tangu nistaafu, Mwita niliyemwacha ofisini hunipigia simu mara kwa mara kuuliza faili fulani liko wapi, au kwa nini mstari fulani niliuandika vile. Mwishowe akaniambia, "Madam, wewe andika tu yote, sisi tutasoma." Nimekaa hapa nyumbani Awendo nikajaribu, na nimegundua kwamba anayetafuta majibu kwangu atapata maswali zaidi. Miaka yangu mingi ya kazi niliipitisha nikiwa sielewi vizuri kinachotokea mbele ya macho yangu. Nawaandikia nyinyi mliobaki ofisini ili siku mkichanganyikiwa msidhani ni nyinyi mlioharibika.

Nilifika Homa Bay nikiwa na cheti cha kuandika programu na viatu vipya vilivyonibana. Baba yangu alikuwa dereva wa trekta la miwa, na hakuelewa kabisa nimeajiriwa kufanya nini. Nami sikuweza kumweleza, kwa sababu sikujua. Nilichoambiwa ni kwamba ofisi inachunguza ziwa na ina programu ya kutabiri magugu maji yataelekea wapi. Aliyewahi kuona ghuba yetu siku yalipoifunga anajua hilo si jambo dogo. Unalala maji yakiwa wazi, unaamka unaona shamba la kijani hadi upeo wa macho, na maboti yamesimama katikati yake kama yamepandwa.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Bi. Zuhura, mwandishi wa programu hiyo. Alikuwa binti wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyehamia Migori mjini kutoka pwani, na Kiswahili chake kilitufanya sote tuongee kwa uangalifu. Nilikaa kwenye kompyuta niliyopewa, nikahangaika, kisha nikamwambia, "Madam, hii faili imekataa kufunguka." Akasema, "Faili hili limekataa kufunguka," akainama, akalifungua, akarudi kwenye kiti chake. Hivyo ndivyo alivyofundisha kwa miaka yote niliyofanya kazi naye. Alirekebisha ngeli kwanza, msimbo wa programu baadaye.

Programu yenyewe iliigawa ghuba katika miraba midogo. Kwa kila mraba ilisoma upepo na mkondo wa maji, ikahesabu magugu kiasi gani yanaingia kutoka kwa majirani na kiasi gani yanatoka, kisha ikarudia tena kwa saa iliyofuata, na iliyofuata. Asubuhi ilitoa ramani, na ujumbe mfupi ukaenda kwenye simu za wenye boti. Mmoja wao alikuwa Odhiambo, aliyeendesha boti la kuwaleta wagonjwa kutoka visiwani hadi hospitali mjini. Aliniita nyar Awendo, yaani binti wa Awendo, tangu siku aliyojua nilikotoka, na sidhani kama aliwahi kulijua jina langu lingine.

Zuhura aliona kwamba naogopa programu ile kwa sababu siioni ndani. Kabla ya kukompailiwa, programu ni maneno unayoweza kuyasoma. Ikishapita kwenye kompaila, inayoigeuza kuwa lugha ya mashine, inakuwa kama ugali uliokwisha kusongwa: unajua unga umo, lakini huwezi tena kuutenga na maji. Akanionyesha profaila. Hicho ni chombo kinachoiangalia programu ikikimbia na kuandika kila fankisheni, yaani kila kipande cha kazi, kimefanya kiasi gani. Kisha akafungua chombo cha pili, cha kuchora matokeo. Skrini ikajaa visanduku vya rangi, vidogo ndani ya vikubwa. Kila kisanduku kilikuwa fankisheni, na ukubwa wake ulionyesha imebeba mzigo gani.

Nilitumia juma zima nikiamini kwamba vyekundu ndivyo vyenye hatari. Nilivichunguza kimoja kimoja na kuandika mapendekezo. Zuhura akayasoma yote, akaniambia rangi hazina maana yoyote, chombo kinajichagulia tu ili visanduku vitofautiane.

Makosa mengine yalifuata. Mara moja nilikompaili bila kuomba majina ya fankisheni yahifadhiwe, na mchoro ukatoka ukiwa na tarakimu tupu. Mara nyingine niliandika fankisheni yangu mwenyewe ya kusoma upepo, nikapima, na kwenye mchoro haikuwepo. Nilitafuta tangu asubuhi hadi chai ya saa kumi. Ilikuwa inafanya kazi, matokeo yake niliyaona, lakini yenyewe hakuna. Nikamwendea Zuhura nikiwa karibu kulia, nikasema fankisheni yangu imepotea.

"Haijapotea," akasema. "Imemezwa."

Kompaila ilikuwa imeona fankisheni yenyewe ni fupi, ikaichukua na kuiingiza ndani ya ile iliyoiita, ili kuokoa muda. Nilielewa maelezo hayo, lakini kusema kweli sikustarehe nayo. Kwamba unaweza kuandika kitu kwa mkono wako, kikafanya kazi, na kisiwepo popote, ni jambo ambalo hadi leo linanisumbua nikilifikiria kabla ya kulala.

Baba yake Zuhura alipougua, Zuhura aliacha kazi akarudi Migori kusimamia duka. Programu ikawa yangu. Nilisaidiwa na Mwita, aliyetoka Kegonga na kuajiriwa kutunza kompyuta zetu, mtu mpole anayeamini kwamba kila tatizo huanzia kwenye umeme. Wakuu walitaka ramani zenye undani zaidi na utabiri wa siku nyingi zaidi mbele. Tukaigawa ghuba katika miraba midogo zaidi, tukanunua kompyuta yenye nguvu zaidi, na hapo ndipo programu ilipoanza vituko.

Siku nyingine ilimaliza kabla hatujafika ofisini. Siku nyingine ilikuwa bado inahesabu wakati maboti yameshaondoka. Kazi ilikuwa ile ile, miraba ile ile, mashine ile ile. Mwita alibadilisha nyaya, akaongeza feni, akafuta vumbi. Aliweka kompyuta nyingine ya akiba, nayo ikafanya vivyo hivyo. "Madam, hii kitu inanichanganya," akaniambia. "Siku ziwa liko safi, ndio inachelewa. Siku magugu iko kila mahali, inapita mbio." Nilimwambia hilo haliwezekani. Magugu yakiwa mengi, hesabu ni nyingi. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua.

Kisha ikaja asubuhi ambayo ujumbe ulichelewa na Odhiambo akaondoka kisiwani bila kuupata. Alikuwa amembeba mama mwenye uchungu wa kujifungua, pamoja na muuguzi. Maji yalikuwa wazi isipokuwa upande mmoja, ambako zulia la magugu lilikuwa limejikusanya, na upepo ukalisukuma hadi kwenye njia yake. Boti liliingia, mizizi ikajiviringisha kwenye propela, injini ikazima. Walikaa humo muda mrefu hadi boti jingine lilipowafikia. Mama aliokolewa hospitalini. Mtoto hakuokolewa.

Siku kadhaa baada ya mazishi, baba wa mtoto alikuja ofisini. Jina lake Okello. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na alikataa kiti mara mbili kabla ya kukaa. Hakuja kugombana. Alieleza kwamba Odhiambo amemwambia kuna ujumbe ambao kwa kawaida hutumwa asubuhi, na kwamba siku ile haukuja.

"Nimekuja kuuliza tu," akasema. "Ule ujumbe ulikuwa wapi?"

Nilijaribu kumjibu. Nilisema programu ilikuwa bado inahesabu. Akauliza ilikuwa inahesabu nini muda wote huo, wakati ziwa karibu lote lilikuwa wazi. Mwita akaniangalia. Nikamwambia sijui. Okello akatikisa kichwa taratibu, akasema basi nikijua nimwambie, akatuaga kwa mkono.

Nilifanya kile nilichofundishwa. Nilikompaili programu upya pamoja na majina yake, nikaiendesha chini ya profaila kwa takwimu za siku ile ile, nikafungua mchoro. Kisanduku kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha kuandika ramani kwenye diski. Nilifurahi jinsi mtu anavyofurahi akimkamata mwizi. Tukaiandika upya sehemu hiyo, nikapima tena, na kisanduku kikawa kimesinyaa kabisa. Nikaendesha programu kwa kawaida, bila profaila. Ikachelewa kama zamani.

Nilirudia hadi Mwita akaniomba tutoke nje tupate hewa. Mchoro ulisema kazi imepungua sana. Saa ya ukutani ilisema hakuna kilichobadilika. Vyote viwili vilikuwa vya ofisi, na sikujua nimwamini nani.

Kulikuwa na profaila ya aina nyingine ambayo Zuhura hakuipenda, akidai inabahatisha. Hii haihesabu maagizo ambayo prosesa, ubongo wa kompyuta, imepewa. Inaikatiza programu kila mara, inaandika imeikuta kwenye mstari gani, inaiacha iendelee. Mahali inapokutwa mara nyingi ndipo muda unapokwenda. Niliijaribu, nikafungua matokeo kwenye chombo kile kile cha kuchora, na picha ikawa tofauti kabisa. Sehemu ya kuandika ramani haikuonekana. Skrini nzima ilimezwa na kisanduku kimoja, cha fankisheni ya kusambaza magugu kutoka mraba hadi mraba. Nilipoingia ndani yake nikakuta mstari mmoja tu. Mstari huo ulizidisha namba moja kwa nyingine.

Kuzidisha, basi. Ndicho kitu ambacho kompyuta ilizaliwa kufanya. Mwita aliutazama mstari ule, akasema labda sasa ni umeme kweli.

Nikampigia Zuhura dukani. Nilisikia mteja akiuliza bei ya leso huku nikimweleza habari zote, za mtoto, za Okello, za michoro miwili inayokanushana. Alimwambia mteja angoje. Kisha akaniuliza swali ambalo nawaachia nyinyi kama urithi wote nilio nao.

"Umemwangalia anayezidisha. Je, umeziangalia namba zenyewe?"

Sikuwa nimeziangalia. Tukaiambia programu ichapishe kiasi cha magugu katika kila mraba. Kwenye zulia lenyewe namba zilikuwa za kawaida. Kando yake zilipungua, kisha zikapungua zaidi, na kadiri tulivyokwenda kwenye maji safi ndivyo zilivyozidi kuwa ndogo, lakini hazikufika sifuri. Katikati ya ghuba, mahali ambapo hapakuwa na hata jani, programu ilikuwa imeandika namba yenye sifuri zaidi ya mia tatu baada ya nukta, kisha tarakimu chache. Mraba baada ya mraba, maelfu kwa maelfu, hadi ufuo wa pili. Kila mraba ulimpa jirani yake sehemu ndogo ya kitu ambacho hakipo, na jirani akaipokea na kuigawa tena.

Nilisoma, nikauliza, na nilichokielewa ni hiki. Prosesa ina mpangilio wake wa kushika namba, na ndani ya mpangilio huo huzidisha upesi sana. Namba ikiwa ndogo kupita kiasi haikai vizuri katika mpangilio huo, na mashine kama zetu hulazimika kupita njia ndefu ya pembeni ili kuizidisha. Agizo ni lile lile moja. Ndiyo maana profaila ya kwanza, ambayo huhesabu maagizo, haikuona ubaya wowote. Muda ndio uliotofautiana. Na kwa kuwa magugu yakienea ghuba nzima kila mraba hupata namba ya kawaida, siku hizo programu ilikwenda mbio. Siku magugu yalipojikusanya mahali pamoja, maji yote mengine yalijaa vile vijinamba. Mwita alikuwa ameliona hilo zamani kwa macho yake, nami nikamwambia haliwezekani.

Tuliongeza mstari mmoja: kiasi chochote kilicho kidogo kuliko jani moja kihesabiwe kuwa sifuri. Asubuhi iliyofuata, na ziwa likiwa safi, ramani ilikuwa tayari kabla Mwita hajachemsha maji ya chai. Hatukushangilia. Tuliitazama tu, kama watu waliofunguliwa mlango ambao kumbe haukuwa na kufuli.

Kabla ya kumwendea Okello nilitaka niwe na jibu kamili. Nikaiendesha programu, sasa ikiwa imerekebishwa, kwa takwimu za siku ile ya msiba, nione boti lingeambiwa nini iwapo ujumbe ungefika mapema. Ilimaliza upesi. Niliiangalia ramani, nikamwita Mwita aiangalie yeye pia. Zulia la magugu lilikuwa limebaki kando. Njia ya Odhiambo ilionyeshwa kuwa wazi.

Tulirudia. Tukakagua upepo uliorekodiwa, tukalinganisha na ule uliovuma kweli, tukaona kwamba uligeuka ghafla na kipimo chetu kilikuwa mbali. Programu ilikuwa imehesabu sawasawa kwa upepo usio sawa. Nilikaa kwenye kiti nikijaribu kujua ninachohisi. Ujumbe ulichelewa kwa sababu yetu, hilo lilikuwa kweli. Ungefika mapema ungesema uongo, hilo pia lilikuwa kweli. Sikujua kama nimepata nafuu au nimeongezewa mzigo. Mpaka leo sijui.

Nilivuka na Odhiambo kwenda kisiwani. Mkewe Okello alitukaribisha, akatuwekea chai, akakaa kidogo nyuma ya mumewe, akisikiliza. Niliwaeleza yote mawili, bila visanduku wala prosesa. Nilisema mashine ilikuwa inapoteza muda ikihesabu magugu yasiyokuwepo, na tumeikomesha. Nilisema pia kwamba hata ingewahi, ingewaambia njia ni wazi. Okello aliinamisha kichwa. Aliyezungumza ni mkewe.

"Sasa inakuja mapema?" akauliza.

"Inakuja."

"Na inasema ukweli?"

"Siku nyingi inasema. Si zote."

Akaniangalia kwa muda, si kwa chuki, zaidi kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. Kisha akasema, "Ero kamano kwa kuja," asante kwa kuja, akainuka kutoa vikombe. Nilitamani aniulize jingine, au anifokee, lakini hakufanya hivyo.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza Odhiambo kama siku ile angebaki kisiwani, tuseme ujumbe ungefika na kumwambia njia imefungwa. Alishangaa kuulizwa. Alisema angekwenda tu. Mama alikuwa na uchungu, na hospitali iko ng'ambo, angengoja nini? Nikamuuliza basi ujumbe wetu huusoma wa nini kila siku.

"Nijue kama nitabeba panga," akasema. "Ya kukata njia. Panga na mtu mmoja wa kukata."

"Na siku ile?"

"Siku ile hamkusema kitu. Nikaona maji iko sawa, sikubeba."

Sikumwambia kwamba nasi tungemwambia maji yako sawa. Alikuwepo kisiwani, alikuwa amesikia. Aliendelea kuangalia mbele.

Tangu hapo alinipigia simu kila asubuhi, hata ujumbe ukiwa umeshamfikia. Sidhani kama hakujua kuusoma. Aliuliza, "Nyar Awendo, leo kuko aje?" nami nikamwambia mchoro unasema nini, na upepo umepimwa wapi, na kwamba ukigeuka mimi sitajua. Alisikiliza yote. Tulihamisha kipimo kimoja cha upepo karibu na njia yake, na kwa maoni yangu kilisaidia, ingawa siku mbili tatu kilitufanya tukosee zaidi kuliko awali na hatukupata sababu. Ikiwa mmoja wenu ataipata, anipigie.

Asubuhi ya siku yangu ya mwisho kazini simu ililia kama kawaida. Mwita alikuwa amenunua soda na keki, na watu walikuwa wameanza kukusanyika mezani. Nilimwambia Odhiambo kwamba ramani imetoka mapema, na ghuba nzima iko wazi hadi visiwani.

"Sawa," akasema. Kisha nikamsikia akiwa ameondoa simu sikioni, akimwambia mwenzake aweke mapanga mawili ndani ya boti.

Sikumwambia ayaache.